Milimita Tisa za Kopa

Wacha nianze na neno moja, kwa sababu nisipolieleza mapema nusu yenu mtadhani hii posti ni ya magari. Rejeta. Hapa Nairobi ukisema rejeta, kila mtu anaona matatu imesimama kando ya barabara pale Mai Mahiu ikijaribu kupanda, boneti iko juu, mvuke unatoka na makanga anatafuta maji na jerikeni. Ukiuliza rejeta inanunuliwa wapi utatumwa Grogan. Lakini kuna nchi ambako rejeta ni kitu cha ndani ya nyumba. Ni kama sanduku bapa la chuma limetundikwa ukutani, mara nyingi chini ya dirisha. Ndani yake mnapita maji moto, na joto lake ndilo linafanya watu wasigande usiku wa Januari. Uingereza nyumba nyingi ziko nazo kila chumba, hadi bafuni, ambako wanaanikia taulo.

Mambo yake ni rahisi ukishayaona mara moja. Boila inachemsha maji, pampu inayasukuma, yanazunguka kwa paipu za kopa chini ya sakafu, yanapita kwa kila rejeta yakiacha joto, halafu yanarudi kwa boila. Ni maji yaleyale mwaka mzima, hayanywi mtu. Kila rejeta iko na valvu mbili huko chini, moja kila upande. Moja ni ya kufungua na kufunga kama mfereji. Nyingine ni ya kupunguza mwendo wa maji, ile fundi huipanga mara moja halafu mtu mwingine hafai kuishika. Siku hizi ile ya kufungua huwekwa kichwa chenye nambari, kawaida moja hadi tano, na alama ndogo ya theluji. Hicho kichwa kinahisi hewa ya chumba. Chumba kikipata joto la kutosha, kinafunga maji chenyewe. Hakuna stima wala betri kwa zile za kawaida. Ndani kuna nta au majimaji yanayotanuka yakipata joto, yanasukuma pini chini, maji yanazibwa. Hiyo tu. Nilipoielewa mara ya kwanza nilikaa nayo siku mbili nikijiambia, manze, kuna mtu alikaa chini akafikiria hii.

Sasa mtauliza, mtoto wa Umoja anajua aje mambo ya rejeta za Uingereza. Nasoma ufundi wa mabomba. Diploma, mwaka wa pili, na tayari niko na cheti cha NITA cha gredi ya tatu. Wale mmekuwa hapa kitambo mnajua, kwa sababu nusu ya video zangu ni mimi nikichomelea paipu chini ya sinki ya mtu na nusu ingine ni mimi nikilalamika. Wageni karibuni, leo ni siku ya kulalamika, lakini na kazi pia iko.

Mzee wangu alikuwa amenipangia uhasibu. Nilipochagua mabomba hakunifukuza nyumbani wala nini, si mtu wa kelele. Alichofanya ni kitu kidogo ambacho kiliniuma zaidi. Watu wakimuuliza nasoma nini, anasema "mambo ya injinia", halafu anauliza mvua imenyesha kwao. Mwaka mzima. Kwa harusi, kwa matanga, kwa simu. Injinia, na mvua je?

Kisha Januari hii Shosh akapata baridi.

Shosh, mamake baba, alikuwa amemtembelea anti yangu Leeds. Anti ni nesi huko miaka mingi, na sasa amenunua nyumba, zile za zamani za matofali zimeshikana mkono barabara nzima. Shosh akapewa chumba cha ghorofani. Wiki ya pili, valvu ya rejeta ya chumba hicho ikaharibika. Ilikuwa ya zamani, ya kuzungusha na mkono, na ile shina ya katikati ilivunjikia ndani ikiwa imefungwa. Nyumba nzima ina joto, chumba cha Shosh ni friji. Anti akanunua hita ya stima, bili ikaanza kumtisha. Fundi wa karibu akasema anaweza kufika baada ya siku kumi na mbili, na kwa hiyo valvu moja akataja bei ambayo kwa pesa zetu inakaribia 20,000. Shosh ana miaka sabini na kitu na kifua chake hakipendi baridi hata ya Limuru. Mzee alikuwa anapiga simu asubuhi na jioni. Sijawahi kumuona akiwa na wasiwasi hivyo.

Jumamosi moja kama saa saba mchana, ikiwa saa nne asubuhi kwao, akaingia jikoni na simu mkononi, anti yuko kwa video. Akaniambia, "Hebu ongea na anti yako. Ni mambo ya paipu." Akanipatia simu, lakini hakuenda.

Kabla sijafika kwa kazi yenyewe, wacha niseme kitu kuhusu video za ufundi, kwa sababu binamu yangu wa miaka kumi na sita tayari alikuwa ameshatazama tatu na alikuwa amesimama hapo na msumeno mkononi.

Mimi hutengeneza video, kwa hivyo najua siri ya jikoni. Ukikaa kuhariri, kitu cha kwanza unatoa ni kile ambacho hakuna kinachotokea. Mtu ameinama anapima. Mtu ameshika kitu kando ya kingine anaangalia. Mtu amekaa tu anafikiria. Hizo dakika zinaboesha, mtazamaji anaondoka, kwa hivyo zinatolewa. Kinachobaki ni mikono inakata, inakaza, inawasha, na muziki. Sasa kwa kazi ya paipu zile dakika zilizotolewa ndizo kazi. Kukata kopa ni sekunde thelathini. Kujua ukate wapi ni nusu saa. Kijana anayetazama anaona sekunde thelathini na anadhani ameona kila kitu. Sisemi msitazame video, mimi mwenyewe nakula kwa video. Nasema zimepunguzwa mahali pabaya.

Binamu alikuwa ameona hivi. Fundi wa video anafungua nati, anatoa valvu ya zamani, kwa paipu inabaki ile pete ndogo iliyobana. Hiyo pete ndiyo inazuia maji yasivuje. Ukikaza nati, inabanwa kati ya nati na valvu hadi inaingia kidogo kwa kopa, na ikishabanwa haitoki kwa kuvuta na mkono. Nati nayo inabaki imefungiwa chini yake. Kwa hivyo fundi wa video akachukua kikata paipu, akakata chini ya pete, pete na nati zikatoka pamoja, akaweka mpya, wimbo ukaendelea. Binamu akasema, kwa ile Kiswahili yake ya kuazima, "Mimi nakata hapa tu, right?" na kidole chake kiko chini ya pete.

Nikamwambia weka msumeno chini. Kwanza hata boila hamjazima.

Hiyo sehemu ya kwanza nitaipitia haraka. Boila inazimwa na maji yanaachwa yapoe. Boila yenyewe haifunguliwi, kwa sababu huko kazi ya gesi ni ya watu waliosajiliwa na Gas Safe peke yao, na mimi hata kama ningekuwa nimesimama hapo nisingeigusa. Kazi yetu ilikuwa upande wa maji tu, na nyumba ni ya anti mwenyewe. Kama angekuwa amekodisha ningemwambia ampigie mwenye nyumba. Wakafunga hosi kwa mdomo wa kutolea maji kule chini, ncha ikaenda nje, wakafungua vijimdomo vya hewa juu ya rejeta za ghorofani ili hewa iingie na maji yashuke. Chumba cha Shosh kiko juu, kwa hivyo hatukuhitaji kumaliza maji yote ya nyumba, ila tu yashuke chini ya sakafu yake.

Hayo maji ni meusi. Si machafu kidogo, ni meusi kama oili ya pikipiki. Ni chuma cha ndani ya rejeta kinaliwa pole pole na maji, kinakuwa unga mweusi unaozunguka. Ndiyo maana huko wanatia dawa ya kuzuia kutu ndani ya mfumo, na ukitoa maji lazima urudishe dawa, ambayo watu wengi husahau. Kapeti ya anti ni rangi ya maziwa. Nikawaambia taulo zote za zamani, karatasi ya nailoni, na bakuli bapa chini ya nati kabla haijafunguliwa. Shosh alikuwa amekaa kitandani na koti na kofia ya sufu, anatazama kama mtu aliyeenda kortini kusikiliza kesi ya jirani.

Valvu ya zamani ikatoka. Sasa ndio tukafika kwa paipu.

Paipu ilikuwa inatoka wima kwa sakafu, kopa ya milimita 15. Ukuta wa hiyo paipu ni milimita 0.7 tu. Hiyo namba ikumbuke. Watu huona chuma wanadhani ni kitu kigumu, kumbe hata haifiki unene wa kadi moja ya benki. Nyumba za zamani sana za huko ziko na paipu za nusu inchi za enzi kabla hawajahamia kwa mita, na kwa bahati hizo za nusu inchi zinakaribiana sana na 15 hadi nati na pete za 15 huzishika. Nyingine za miaka ya sabini ziko na paipu nyembamba za milimita 8 au 10, na hapo ni hadithi ingine kabisa. Kwa hivyo kitu cha kwanza nilitaka ni kuona rula imeshikwa kando ya paipu, karibu na kamera. Kumi na tano. Sawa.

Shida ya valvu mpya ni kwamba haijazaliwa na ya zamani. Kampuni tofauti, mwaka tofauti, kimo tofauti. Valvu inashikana na vitu viwili kwa wakati mmoja. Chini inashika paipu ya sakafu, na kando inashika mkia unaoingia kwa rejeta. Paipu haisongi na rejeta haisongi, zote zimefungwa. Kama valvu mpya ni ndefu kuliko ya zamani, ukiiketisha kwa paipu hadi mwisho, mdomo wake wa kando unakaa juu kuliko shimo la rejeta. Hapo ndipo watu hulazimisha. Wanavuta, wanapinda, wanakaza na spana hadi inaingia kwa nguvu, na kwa wiki moja haivuji. Kisha maji moto yanapanua kila kitu, usiku yanapoa, yanapanua tena, na siku moja dari ya chini iko na doa.

Tukajaribu. Mdomo ulikuwa juu sana. Binamu akasema si basi tukate. Nikamwambia ndiyo tutakata, lakini niambie tunakata ngapi. Akanyamaza. Mzee nyuma yangu akasogeza kiti.

Hivi ndivyo tulivyopima, na hii ndiyo sehemu ambayo hakuna video ingeiacha. Kwanza mkia mpya ukaingizwa kwa rejeta na mkono tu, bila tepu, bila kukaza. Valvu ikashikishwa kwa mkia, ikaning'inia pale mahali pake halisi, kando ya paipu badala ya juu yake. Sasa tunajua mdomo wa chini wa valvu utakaa wapi. Kutoka sakafuni hadi huo mdomo, milimita 64. Halafu ndani ya mdomo kuna ukingo ambapo paipu husimama, haiwezi kupita hapo. Akachukua kalamu, akaiingiza hadi ikagonga, akaweka kucha kwa mdomo, akatoa, akapima. Milimita 14. 64 na 14 ni 78. Paipu inafaa kuwa na urefu wa 78 kutoka sakafuni. Ilikuwa 87.

Tisa. Tunatoa milimita tisa.

Nikamwambia sasa pima kutoka juu ya paipu hadi chini ya ile pete ya zamani, pale ulitaka kukata. Akapima. Kumi na nane.

Hakusema kitu, lakini niliona uso wake. Angekata mara mbili ya inayotakiwa. Paipu ingefika kwa pete na kuishia hapo karibu, valvu imeishika kwa ncha, na kopa haina jinsi ya kurefushwa. Ungelazimika kung'oa mbao za sakafu, utafute mahali pa kuunganisha kipande kipya, na sasa si kazi ya Jumamosi tena, ni ya yule fundi wa siku kumi na mbili na bei ingine. Na Shosh amekaa hapo na kofia.

Kwa hivyo pete ilitoka kivyake. Kuna kifaa cha kuivuta, hawakuwa nacho. Njia ingine ni msumeno mdogo wa chuma. Unaweka meno kwa pete, kwa mshazari, unakata polepole hadi karibu upite lakini usipite. Ukigusa paipu chini yake umeacha mfereji ambao maji yatapitia milele, na kumbuka tuna 0.7 tu. Ukifika karibu, unaingiza bisibisi bapa kwa ule mkato na kuizungusha. Pete inapasuka. Ilimchukua binamu dakika kumi na nilikuwa namwambia simama kila baada ya mikato mitatu, nionyeshe. Ikapasuka, ikatoka, nati ya zamani ikatoka nyuma yake. Paipu ilikuwa na alama kidogo pale pete ilikuwa imebana, na hapo nikafurahi, kwa sababu baada ya kutoa tisa, pete mpya ingekaa chini ya ile alama, kwa kopa safi.

Kikata paipu cha kuzungusha hakikuwezekana. Ni kizuri, kinakata sawa kabisa, lakini kinahitaji nafasi ya kuzunguka paipu yote na yetu ilikuwa imekaribiana na ubao wa chini ya ukuta, hata kidole hakipiti. Basi ni msumeno uleule. Ukikata paipu na msumeno kwa macho tu inaenda upande. Tukazungusha kipande cha karatasi chenye ukingo ulionyooka, kingo zikakutana, tukaibandika na tepu. Hiyo karatasi ndiyo rula, unafuata ukingo wake. Nikamwambia akate nane, si tisa. Hiyo moja tuliiachia tupa. Ukipunguza sana huwezi kurudisha, ukiacha kidogo unasugua.

Akakata. Kipande kikaanguka kwa taulo, pete ndogo ya kopa inang'aa. Baba akauliza, "Ndiyo hiyo tu?" Nikamwambia ndiyo hiyo.

Baada ya kukata kuna kazi mbili za kusafisha ambazo watu huruka. Ndani ya mdomo wa paipu kunabaki makali yaliyogeukia ndani, yanapunguza njia ya maji na kufanya kelele. Yanasuguliwa na tupa ndogo ya mviringo, na unga wa kopa unafutwa usishuke ndani. Nje nako kunalainishwa ili pete mpya iteleze bila kukwaruzwa, halafu pale itakapokaa panasuguliwa hadi paangaze. Anti akaleta ile waya ya kusugulia sufuria. Inafanya kazi vizuri sana.

Mengine yalienda. Tepu nyeupe kwa thredi za mkia, raundi kumi na kitu, ikizungushwa upande uleule mkia unakazwa, la sivyo inajikunjua. Kwa pete hatukuweka tepu, pete inaziba yenyewe kopa ikiwa safi. Nati, pete, valvu, paipu imegonga ukingo wa ndani. Spana mbili, moja imeshika mwili wa valvu isizunguke, nyingine inakaza nati. Mkono kwanza, halafu raundi moja na robo hivi. Ukikaza kama unafunga tairi ya lori unaiponda paipu. Wakatia dawa, wakajaza maji, wakatoa hewa, presha ya boila ikasimama kati ya 1 na 1.5. Tishu kavu ikazungushwa kwa nati na tukangoja. Nikakataa simu ikatwe kabla tishu ipitishwe kwa joto na baridi, kwa hivyo walipiga tena usiku. Kavu.

Sasa kulalamika. Ukikaa na wasee wa mtaa, mabomba ni kazi ya mtu aliyekosa. Fundi wa choo. Anakumbukwa choo kikiziba na anasahaulika kikifunguka, na hata akilipwa anapunguziwa. Lakini hao hao wanatuma maombi ya kazi za ng'ambo kila wiki, na mojawapo ya vitu ambavyo watu wa huko wanalipia pesa ndefu ni mtu wa kuja kukata milimita tisa za kopa. Sisemi kila mtu asomee hii kitu. Kuna siku nachukia hii kozi, hasa siku za maji taka. Nasema tu, hakuna mtu anayeona aibu kusema mtoto wake ni daktari wa meno, na kazi zinafanana kuliko mnavyofikiria.

Na msidhani ufundi wa huko ni wa juu na wetu ni wa chini. Hapa nyumba zetu mpya ni za paipu za plastiki, zile za kijani au nyeupe, unakata na mkasi wake na kuchomelea kwa pasi yenye joto la digrii 260 hivi. Za zamani ni za chuma, unakata na kuchonga thredi. Kopa kwetu utaipata kwa friji, kwa eyasii, kwa hita za sola, na kwa waya ambazo watu wanaiba hadi serikali ikasimamisha biashara ya vyuma vikuukuu kwa miezi kadhaa mwaka wa 2022. Inachimbwa hapa karibu, Zambia na Kongo. Katanga enzi za Mobutu iliitwa Shaba, neno letu kabisa. Lakini iwe kopa au plastiki, swali ni lilelile. Inaingia ndani kiasi gani, na inasimamia wapi? Mtu anayejua hilo atatengeneza angle valvu ya sinki ya Kayole na rejeta ya Leeds.

Shosh alirudi Machi na afya yake. Alikaa siku tatu kwetu kabla ya kwenda ushago, na jioni moja akamwambia jirani kwamba huko ulaya moto unapitishwa kwa paipu na mjukuu wake ndiye aliuwasha akiwa Umoja. Jirani akamgeukia mzee. Mzee akasema mimi ni fundi wa mabomba, halafu hakuuliza mvua.

Anti ako na rejeta zingine sita na anataka zote zibadilishwe kabla ya Oktoba. Nimemwambia binamu asitumie ile tisa kwa nyingine yoyote. Kila paipu ilikatwa na mtu tofauti siku tofauti. Juzi amenitumia picha ya karatasi imechorwa vyumba vyote, na kwa kila chumba namba tatu: sakafu hadi mdomo, kina cha mdomo, urefu wa paipu. Jikoni ni 81. Sebuleni 92 upande mmoja na 88 mwingine. Bafuni ni 76, na 76 ni fupi tayari, kwa hivyo hapo bado tunabishana. Msumeno, anasema, uko kwa kabati ya mamake.